Kisiwa cha Ilunda, Nilivyokitoa kwa Mdomo Wangu

Jumapili, 15 Novemba 1970

Mimi ni Yeremia Msengi. Nina miaka sabini na nne, na anayebisha aje na mzazi wake tuhesabu. Nimemwona Mjerumani akikimbia, nimemwona Mwingereza akija na nimemwona akifunga mizigo. Nimebaki hai kupita njaa tatu, nzige mara mbili, watemi wawili, wake wawili, na kaka yangu Antipasi ambaye alikuwa na nguvu kunipita. Hakuna mwingine aliyenipita. Meno yangu kumi na tisa yapo.

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Felista wa kisomo. Alisema, "Babu, herufi umezijua, sasa andika mambo ya msimu wote wa mvua, mkono ulainike." Katika darasa letu la watu wazima mimi ndiye wa kwanza. Wa pili ni Filipo, balozi wetu wa nyumba kumi, lakini Filipo anaandika ulimi umetoka nje.

Leo mawingu upande wa mashariki. Hayakushuka.

Jumanne, 17 Novemba

Joto. Penseli ilivunjika.

Alhamisi, 19 Novemba

Ziwa limekwenda chini sana. Kutoka hapa mpaka kisiwa cha Ilunda mtu anatembea kwa miguu, maji yanaishia magotini. Wakati kama huu na fisi naye anatembea, kwa hiyo mbuzi tunawafunga nyumbani. Mvua kubwa ya kwanza ikipiga tunawaingiza Ilunda haraka kabla maji hayajafunga njia. Yakifunga, basi. Mbuzi wanakula kule mpaka Mei bila mchungaji, bila fisi, bila mwizi. Huu ni ujanja wa baba yangu. Watu wa Kinyangiri wanatuonea wivu mpaka leo.

Kwa kuwa Mwalimu Felista atasoma, nieleze na hili. Baba alimpa Ilunda Antipasi kwa sababu ndiye mkubwa. Antipasi alikufa mwaka wa Uhuru, tukamzika huko huko. Hakuacha mtoto wa kiume. Binti yake Yunisi ameolewa mbali, Mitundu. Wazee walikaa wakasema, Yeremia, kisimamie kisiwa, lakini ni cha Dorkas mke wa marehemu, alime na kufuga mpaka naye afe. Dorkas ana shamba la viazi vitamu upande wa kusini, amelizungushia miiba. Viazi vyake ni vizuri, sikatai. Mdomo wake ndio mrefu. Jana kanikuta natengeneza mtumbwi akasema, "Shemeji, huo mtumbwi unavuja kuliko siri yako." Mwanamke wa namna gani huyu.

Jumanne, 24 Novemba

Leo imekuja Landrova. Imemleta Bwana Nyama, ndivyo tunavyomwita mkubwa wa mambo ya wanyama na ndege kutoka mkoani. Jina lake Idrissa, kijana wa miaka kama thelathini. Ana adabu. Aliinama kabisa, "Shikamoo mzee." Nikamwacha kidogo ndipo nikasema marahaba, ajue ni nani.

Alisema mwakani Uhuru unatimiza miaka kumi. Mkoa unataka mahali pa wananchi kupumzika, waje wakae na watoto wao watazame maji, na ndege wasisumbuliwe. Wameona ile ncha ya kaskazini ya Ilunda, yenye mawe makubwa. Hiyo tu. Akauliza mbele ya watu wote, "Mwenye kisiwa ni nani?"

Nikasimama. "Ni changu."

"Peke yako, mzee?"

"Peke yangu. Unamwona mwingine hapa mwenye mvi kama hizi?"

Watu walicheka. Filipo alicheka. Dorkas hakucheka, alikuwa anautazama mguu wake.

Sasa nitasema kweli, daftari ni la kweli. Nilijua si changu. Lakini mgeni amekuja na gari, ameinama, ameuliza. Nimwambie mimi ni mlinzi wa shamba la mwanamke?

Jumatano, 25 Novemba

Nimemvusha Bwana Idrissa kwa miguu mpaka Ilunda, nikamzungusha kote. Alikuwa anapima ile ncha yenye mawe. Nikamwambia, bwana, haya mawe hata nyani anayo, njoo nikuonyeshe kitu. Nikampeleka kusini, nyuma ya shamba la viazi, wanapozalia mwari, wale ndege wenye mfuko chini ya mdomo. Wachache walikuwa wameanza kujenga. Nikamwambia mwezi wa pili viota hapa havina hesabu, na korongo, na bata wa kila aina. Nikamtajia ndege kwa majina yetu, thelathini na nane. Aliandika mpaka akageuza karatasi.

Akasema, "Mzee, wewe ni profesa wa ndege."

Nikamwuliza profesa ni nani. Akasema ni mwalimu wa walimu.

Nimemweleza Mwalimu Felista. Alifuta ubao kwanza, ndipo akasema, "Hongera, babu."

Jumatatu, 30 Novemba

Manyunyu. Kichwa chepesi leo.

Jumamosi, 5 Desemba

Mkutano. Bwana Idrissa ameleta ramani kubwa, akaitandika juu ya meza ya kisomo na kuweka mawe pembeni isiruke. Ile ramani haikuwa na ncha tu. Kisiwa chote kilikuwa kimepakwa kijani.

Akasema, "Kwa maelezo ya mzee Yeremia tumegundua kwamba upande wa kusini ndio wenye thamani zaidi. Kwa hiyo hifadhi itakuwa Ilunda yote. Mwenyewe atapewa kiwanja kizuri katika kijiji kipya cha ujamaa." Kisha akauliza kwa sauti, "Je, kuna mwananchi mwenye neno? Mwenye dai? Mwenye pingamizi?"

Kimya. Nilisikia nzi. Filipo alikuwepo, Dorkas alikuwepo mstari wa mbele kabisa, ameshika mikono yake. Watu kama sitini. Hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa mtu wa mbali hatajua, kwa hiyo naandika. Kwetu mzee akishasema mbele ya mgeni, humkatalii hapo. Hata akisema jua linatokea magharibi, unanyamaza, mgeni asione ukoo umepasuka. Unamkatalia kesho yake asubuhi, nyumbani kwake, umekaa chini. Hapo unaweza kumwambia lolote na hawezi kukasirika. Ndivyo tulivyolelewa.

Bwana Idrissa alingoja. Akatazama saa. Akaandika.

Kisha akaniletea kile kidude cha wino nibonyeze kidole. Nikakisukuma. Nikamwambia kidole ni cha wasiosoma, lete kalamu. Nikaandika YEREMIA MSENGI yote, herufi kwa herufi, watu sitini wananitazama. Haikutetemeka hata moja. Wakapiga makofi.

Karatasi inasema kuna siku thelathini za kupinga, mtu aende bomani. Nani apinge?

Jumapili, 6 Desemba

Wamekuja. Kabla ya kanisa. Dorkas na Filipo, wakakaa chini mlangoni. Filipo ndiye aliyeanza, anakohoa kohoa.

"Mzee, tumekuja kwa ajili ya jana."

"Jana imepita."

Dorkas akasema, "Shemeji, umetoa shamba langu."

"Nimetoa kisiwa cha baba yangu."

"Baba yako alimpa Antipasi. Antipasi amelala kule. Mimi nitalima wapi? Juu ya meza ya kisomo?"

Filipo akacheka, akajutia. Akasema, "Mzee, siku zipo. Nenda bomani useme ulikosea, ni kisiwa cha mjane. Wewe ndiye uliyeandika, watakusikiliza wewe."

Nikawaambia, mimi nimesema mbele ya watu sitini na serikali, sasa niyacheue maneno kama ng'ombe? Mimi ni Yeremia. Kama mlikuwa na neno mngelisema jana.

Dorkas alinitazama muda mrefu. "Ningelisema jana," akasema, "leo ungekuwa unapita njiani watoto wanakuzomea. Nilikuwekea heshima yako, shemeji. Nimekuja leo unirudishie shamba langu."

Nikawaambia nachelewa kanisani. Nilichelewa kweli.

Jumatano, 9 Desemba

Uhuru. Gwaride la shule. Mvua ilinyesha kwenye ngoma.

Jumatatu, 14 Desemba

Mvua kubwa, siku mbili bila kupumua. Tumeingiza mbuzi Ilunda, wangu kumi na mmoja, wa Dorkas saba. Karatasi inasema mifugo marufuku kuanzia tarehe moja Februari. Nikamwambia Filipo, karatasi ni karatasi, mbuzi ni mbuzi. Dorkas aliswaga wa kwake bila kuniambia kitu. Si kawaida yake. Huwa anasema.

Jumapili, 20 Desemba

Maji yamefunga njia. Kwenda Ilunda sasa ni kwa mtumbwi tu.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Kila mwaka Dorkas huniletea kikapu cha viazi. Leo alikileta Felista. Nikamwuliza mwenyewe yuko wapi. "Kasema miguu inamwuma, babu." Nilimwona kanisani amesimama nyimbo zote.

Jumatatu, 4 Januari 1971

Siku thelathini zimekwisha leo, nimezihesabu. Hakuna aliyepinga. Nilijua.

Alhamisi, 7 Januari

Mvua.

Ijumaa, 8 Januari

Mvua. Nimekula ugali na chumvi. Sikupenda kwenda kuomba mboga kwa mtu.

Ijumaa, 22 Januari

Amekuja askari wa wanyama na mtumbwi wa bati, anakaa kwenye hema pale ufukweni. Leo Dorkas alitaka kuvuka kuchimba viazi. Nilikuwa karibu natega samaki, nimesikia yote.

"Mama, huko hakuvukwi. Hifadhi."

"Nakwenda shambani kwangu."

"Hakuna shamba, mama. Nimepewa ramani, hakuna shamba. Na mwari wamelalia mayai, wakishtuka wanayaacha."

"Mwari na mimi tunajuana mwaka wa thelathini. Hawajawahi kuniuliza jina."

Askari alicheka lakini hakusogea. Dorkas alisimama na jembe na kikapu. Mvua ikaanza, hakuondoka. Simama tu, simama tu. Nilikuwa nimejificha kwenye matete, mimi, mtu wa miaka sabini na nne, nimejificha kama mwizi wa kuku. Nilitaka yule mwanamke ageuke anitukane. Hakugeuka.

Jumamosi, 23 Januari

Sikulala vizuri. Jumatatu naenda bomani.

Jumatano, 27 Januari

Nimerudi jana. Naandika yote.

Nilitembea mpaka Kinyangiri, nikadandia lori la mahindi. Bomani nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Karani akaniita saa sita. Nikamwambia nimekuja kupinga habari ya Ilunda. Akafungua kitabu.

"Siku thelathini zimepita, mzee. Na wewe ni nani katika jambo hili?"

"Mimi ndiye mwenyewe niliyeandika."

"Sasa unampinga nani?"

"Najipinga mimi."

Karani akamwita mwenzake, "Njoo usikie hii." Wakacheka, si kwa ubaya. Nami ningecheka kama angekuwa mtu mwingine.

Kwa bahati Bwana Idrissa alikuwa amekuja pale kwa kazi. Akaniinamia, shikamoo, akanipa kiti. Nikamwambia yote. Kwamba kisiwa ni cha Dorkas mke wa kaka yangu, mimi ni msimamizi tu, kwamba nilidanganya. Neno hilo lilikuwa zito kuliko gunia. Alitoa faili, akanigeuzia nisome mwenyewe. Nilisoma polepole. Mmiliki ni mmoja. Wananchi wameulizwa hadharani. Hakuna mwenye neno.

Nikamwambia, walikuwa na neno, walinyamaza kwa heshima yangu. Kesho yake walikuja nyumbani wakasema.

Akashika kichwa. "Mzee, mimi nakuamini. Lakini humu ndani hakuna mahali pa kuandika kwamba walinyamaza kwa heshima. Kuna ndiyo na kuna hapana. Na ramani imeshakwenda Dar es Salaam."

"Basi iandikie ramani irudi."

"Ungekuja mwezi wa kumi na mbili, ningeizuia mwenyewe. Kwa nini hukuja?"

Ningemjibu nini? Kwamba niliona haya kucheua? Nilimwomba ile ncha ya mawe iwe yao, shamba liachwe. Akasema wale mwari wa kusini ndio wameifanya hifadhi ikubaliwe, bila wao ni mawe tu, na mawe Singida nzima inayo. Ndege nilimwonyesha mimi.

Hana ubaya yule kijana. Afadhali angekuwa nao.

Jumatatu, 1 Februari

Askari amesema mbuzi watoke wiki hii.

Alhamisi, 4 Februari

Kutoa mbuzi kisiwani maji yakiwa juu, kazi hii baba yangu hakuifanya, wala babu. Hakuna anayejua inavyofanywa. Mtumbwi wangu unachukua mbuzi watatu waliofungwa miguu na watu watatu, mimi nikipiga kasia. Filipo alisaidia kuwakamata, Dorkas alikaa mbele kuwashika. Askari alikubali Dorkas avuke kwa sababu ya mbuzi tu, asiende kwenye viazi.

Safari sita. Juzi mbili, jana mbili, leo mbili. Hatukusemezana. Mbuzi walilia njia nzima kama wanaochinjwa. Kila tukitia nanga Ilunda, Dorkas alitazama kusini, miiba ilikuwa inaonekana na majani ya viazi yamepanda juu yake.

Safari ya mwisho, jike moja la Dorkas, lile jeusi lenye mimba, likakata kamba. Likaruka. Mbuzi anajua kuogelea kidogo, lakini tumbo lilikuwa kubwa na mawimbi yalikuwa yanakuja. Nikageuza mtumbwi. Dorkas alinyoosha mkono, akalishika sikio, likateleza. Akalishika tena. Mtumbwi ukainama maji yakaingia, Filipo akapiga kelele, "Mwachie mbuzi, mama, tutakufa wote!" Akaliachia.

Tulilitazama mpaka halikuonekana. Dorkas akaanza kuchota maji ndani ya mtumbwi kwa kibuyu, polepole, kama anayechota uji. Ndipo akasema neno la kwanza kwa siku tatu.

"Piga kasia, shemeji. Hawa wengine wanaloa."

Mimi ninayepiga kasia ziwa hili tangu kabla ya Mwingereza, kasia lilinishinda. Filipo alinipokea. Nimeandika na hilo.

Jumapili, 14 Februari

Nimempa Dorkas mbuzi wangu mmoja jike. Alimpokea. Hakusema asante, akasema, "Huyu anakohoa." Kweli anakohoa.

Jumatatu, 1 Machi

Mvua.

Jumanne, 9 Machi

Kiwanja changu cha kijiji kipya nimeonyeshwa. Ni kizuri, hakina jiwe. Nilimwambia katibu wa kijiji akiandike jina la Dorkas. Akasema amekwisha kuandika langu, na kuhamisha ni barua mpaka kamati ikutane. Kamati itakutana baada ya mavuno. Siku hizi kila ninachoshika kimeandikwa jina langu. Nilikuwa naliomba jambo hilo maisha yangu yote.

Jumamosi, 20 Machi

Mwari wengi. Kutoka hapa kisiwa ni cheupe. Wananchi wa kupumzika bado hawajaja.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Kila Pasaka Dorkas hufagia kaburi la Antipasi. Askari anasema kibali kinatoka bomani kwa barua. Kwa hiyo wiki iliyopita niliandika barua mimi mwenyewe, Mwalimu Felista akasahihisha herufi tatu tu. Kwenye fomu ya kibali aliyonipa askari kuna mahali, sababu ya kutembelea. Nikamwuliza Dorkas niandike nini.

"Andika mume wangu."

"Hiyo si sababu, shemeji. Wanataka sababu."

"Basi waulize wao wanayo nyingine?"

Nikaandika, mume wangu. Jibu halijaja. Alifagia uwanja wa nyumba yake, akaenda kanisani.

Ijumaa, 16 Aprili

Hakuna jibu.

Ijumaa, 23 Aprili

Hakuna jibu. Mvua inapungua.

Jumatano, 28 Aprili

Wamesimika ubao ufukweni. Mkubwa, umepakwa rangi nyeupe, maandishi ya kijani. Darasa zima la kisomo, isipokuwa mimi, lilikwenda kuusoma, ni maandishi makubwa kuliko yote tuliyo nayo hapa. Waliporudi hawakuniambia unasemaje. Filipo alipita njia ya nyuma ya nyumba.

Jioni nikaenda mwenyewe. Nilimkuta Dorkas amesimama mbele yake. Dorkas hakuingia kisomo, alikuwa na viazi.

"Nisomee, shemeji," akasema. "Wenzako wote wamesema macho yao mabovu."

Nilijua kusoma, hiyo ndiyo shida. Ningeweza kumsomea uongo. Ningesema imeandikwa marufuku kuwinda, marufuku kuwasha moto, basi. Nilishika fimbo nikasoma neno moja moja nikiligusa.

HIFADHI NA BUSTANI YA WANANCHI, ILUNDA. KISIWA HIKI KIMETOLEWA KWA TAIFA KWA HIARI YAKE NA MZEE YEREMIA MSENGI, MMILIKI.

Nikangoja. Akauliza, "Hapo karibu na mwisho, umegusa mara mbili. Ndilo jina lako?"

"Ndilo."

"Na langu hakuna?"

"Hakuna."

"Na la Antipasi?"

"Hakuna."

Kisha akasema ameamua kwenda Mitundu kwa Yunisi baada ya mavuno, na mbuzi sita, na yule wa kukohoa wa saba kama hajafa. Nikamwambia akae, nitampa nusu ya kiwanja, nitampa chote. Akasema, "Cha kwako mwenyewe hiki, au cha nani?"

Tulirudi pamoja, yeye mbele.

Ijumaa, 30 Aprili

Mvua zimekwisha na daftari limekwisha.

Mtu akisema mzee Yeremia ametunga, mashahidi wapo. Filipo balozi alikuwa kwenye mkutano na kwenye mtumbwi. Mwalimu Felista amesoma kurasa hizi. Bwana Idrissa yuko mkoani na faili lake. Dorkas yupo hapa mpaka mavuno, baada ya hapo aulizwe Mitundu kwa Yunisi. Watasema yote kama yalivyokuwa. Ila wasiulizwe mbele yangu, maana nikiwepo watanyamaza.